Chuma, Mbugu na Kibanja: Uhakiki wa Stadi za Jadi za Karagwe na Kyerwa

Siku ya utamaduni inapofika katika shule zetu nyingi, meza hupangwa kando ya ukuta. Juu yake huwekwa mkuki, kibuyu, kikapu cha ukindu, kipande cha mbugu na pengine nyundo ya mhunzi iliyoazimwa kutoka kwa mzee wa kijiji. Kila kitu huandikiwa jina lake kwenye kikaratasi. Wageni hupita, hutikisa vichwa kwa kuridhika, ngoma hupigwa, na jioni vitu hivyo hurudishwa kwa wenyewe. Kesho yake mwanafunzi huingia darasani kujifunza kemia, baiolojia na jiografia kana kwamba vile alivyoviona jana havikuwa na kemia, baiolojia wala jiografia ndani yake.

Insha hii inaihoji desturi hiyo. Tangu Desemba 1962, Mwalimu Nyerere alipotangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, tumekuwa tukiambiwa, na tumekuwa tukiambiana, kwamba taifa lisilo na utamaduni wake ni kundi la watu tu. Neno hilo tumelishika. Lakini katika kulishika tumejenga tabia tatu ambazo hazitoshi. Ya kwanza ni kuzihifadhi stadi za wazee kama kumbukumbu. Ya pili ni kuzisifu bila kuzichunguza. Ya tatu, ambayo imezidi siku hizi, ni kuziuza kwa watalii. Iko tabia ya nne ambayo ni nadra, nayo ni kuzihakiki: kuzisoma kama tunavyosoma kazi ya fasihi, tukitazama fani yake na maudhui yake, tukiuliza zinasema nini juu ya maisha na kama hayo zinayoyasema ni kweli.

Mifano yetu tutaichukua Karagwe na Kyerwa, wilaya mbili za Mkoa wa Kagera zilizokuwa wilaya moja hadi Kyerwa ilipotengwa mwaka 2012. Hii ni nchi ya vilima virefu na mabonde, inayopakana na Rwanda na Uganda, na ni sehemu ya ufalme wa kale wa Karagwe, nchi ya Wanyambo. Pale ambapo habari za Karagwe zinahitaji kufafanuliwa kwa mifano ya jirani zao Wahaya walio upande wa ziwa, tutavuka huko na kusema wazi kwamba tumevuka. Kipimo chetu kitakuwa swali moja: je, kazi hii inarejesha kile inachokichukua?

Chuma cha mfalme

Mwezi Novemba 1861 Waingereza wawili, John Hanning Speke na James Grant, waliingia Karagwe wakapokewa na Mfalme Rumanyika. Mwaka 1876 Henry Morton Stanley naye alifika kwa mfalme huyo huyo, akaandika juu ya nyumba ya hazina iliyojaa silaha na sanamu za wanyama na ndege zilizofanyizwa kwa madini. Makao makuu ya ufalme yalikuwa Bweranyange. Katika vitu vya kifalme vilivyojulikana baadaye wamo ng'ombe wa chuma wenye pembe ndefu, pamoja na nyundo na fuawe za chuma ambazo hazikukusudiwa kufulia kitu chochote. Mwaka 1983 mtaalamu wa mambo ya kale, Hamo Sassoon, alivichambua vitu hivyo katika jarida la Azania, akionyesha jinsi ufalme, ng'ombe na uhunzi vilivyofungamana katika nchi za Maziwa Makuu.

Tukimtazama ng'ombe huyo wa chuma kwa jicho la mhakiki, fani yake ni ya kukusudia. Mwili ni mwembamba, miguu ni michache ya maneno kama tunavyosema juu ya mshairi asiyeropoka, lakini pembe zimepewa nafasi kubwa kuliko mnyama mwenyewe. Mhunzi hakusahau umbo la ng'ombe. Alichagua kile ambacho jamii yake ilikihesabu kuwa thamani. Na maudhui yake ni mazito: mfugaji na mfua chuma, ambao katika maisha ya kila siku walikuwa watu wa kazi mbalimbali na mara nyingi wa daraja mbalimbali, wameunganishwa katika kitu kimoja kilicho mkononi mwa mtawala. Ng'ombe huyo anatuambia ni nani aliyejidai kuwa na amri juu ya mifugo na juu ya chuma kwa pamoja.

Hapo ndipo sifa peke yake inapotupotosha. Wasafiri wa kigeni waliviona vitu vya ikulu wakavieleza. Waliochimba mawe ya chuma, waliochoma makaa na waliovuta mivukuto hawakuonekana. Israel Katoke, mwanahistoria Mtanzania, alipochapisha mwaka 1975 kitabu chake juu ya ufalme wa Karagwe, aliweka msingi wa kuijua nchi hii kwa kina. Wajibu wa msomaji wa leo ni kuendelea kuuliza habari za wale ambao majina yao hayakutajwa ikulu.

Kazi yao ilikuwa na elimu gani? Jibu zuri tunalipata kwa kuvuka kwenda Buhaya. Mwaka 1976 Peter Schmidt na Donald Avery waliwaomba wazee wa Kihaya, ambao walikuwa wameifanya kazi ya kuyeyusha chuma katika ujana wao, wajenge tanuri upya. Wazee walifinyanga udongo wa kichuguu, kwa sababu udongo huo hustahimili moto. Walichoma matete ya bwawani ndani ya shimo la tanuri hadi yakawa tandiko la mkaa. Walichagua makaa ya mti maalum, wakayachoma kwanza mawe yenye chuma kabla ya kuyatia tanurini, kisha wakaingiza mirija minane ya udongo ndani kabisa ya tanuri na kuvukuta. Mwaka 1978 watafiti hao walieleza katika jarida la Science kwamba hewa ilipata moto ndani ya mirija kabla ya kufika kwenye makaa, na kwamba kwa njia hiyo tanuri lilifikia joto kali sana. Wataalamu wengine wa madini wamelipinga dai hilo la hewa kupashwa moto, na mjadala ukaendelea kwa miaka mingi.

Mwalimu asiwafiche wanafunzi mjadala huo. Wako wanaodhani kwamba kuukiri ni kuwapunguzia wazee wetu heshima. Kinyume chake ndicho sahihi. Kazi ya mababu imewafanya wataalamu wa dunia wabishane juu ya hewa, joto na kaboni. Hiyo ni heshima kubwa kuliko kuandikiwa kikaratasi mezani. Kwamba watu wa upande huu wa ziwa waliyeyusha chuma zaidi ya miaka 2,000 iliyopita ni jambo lililothibitishwa na uchimbuaji wa mahali kama Katuruka. Kujivunia jambo hilo ni haki yetu, mradi tujivunie kile kilichothibitishwa.

Sasa tulitumie swali letu. Tanuri lilichukua mawe, udongo, matete na, zaidi ya yote, miti. Lilirejesha jembe, shoka na mkuki. Je, liliirudishia nchi misitu? Schmidt mwenyewe ameeleza kwamba katika milenia ya kwanza baada ya Kristo ukataji wa miti kwa ajili ya makaa na mashamba ulichangia kuidhoofisha ardhi ya kando ya ziwa. Kwa hiyo hatuna budi kukiri kwamba hapa wazee wetu walikuwa na ujuzi mkubwa, lakini ujuzi huo ulikuwa na gharama ambayo vizazi vya baadaye vililipa. Kijana wa Kyerwa hana haja ya kurudia tanuri hilo ili apate jembe. Mhunzi wa leo hufua chuma chakavu, na kwa kufanya hivyo huokoa kuni nyingi ambazo zingeteketea katika kuyeyusha mawe. Cha kurithi katika chuma ni namna ya kufikiri: kuchagua malighafi, kujaribu, kushindwa na kujaribu tena.

Mti unaovuliwa bila kufa

Mbugu ni mfano wa namna nyingine. Kabla ya pamba na kaniki kuenea, watu wa nchi hizi za magharibi ya ziwa walivaa nguo ya gome la mti wa jamii ya mkuyu, ambao Wahaya na Wanyambo huuita omutoma. Fundi alilichana gome kwa uangalifu kuzunguka shina, akalivua zima, halafu, bila kukawia, akalifunga shina lililobaki uchi kwa majani ya migomba. Gome lililainishwa, likapondwa kwa nyundo za mti zilizochorwa mifuo, likatanuka mara kadhaa kuliko upana wake wa kwanza, kisha likaanikwa juani hadi likageuka rangi ya kutu. Chini ya majani yale ya mgomba mti uliota gome jipya, ukavuliwa tena katika misimu iliyofuata.

Mara nyingi tunapoieleza mbugu tunaanza na nyundo na kumalizia na nguo. Mhakiki makini ataona kwamba kiini cha ufundi huu kiko katika yale majani ya mgomba. Anayejua kuvua gome tu ni mwuaji wa miti. Fundi hasa ni yule anayejua kulifunga jeraha. Tendo hilo dogo halionekani katika nguo, wala haliwezi kuwekwa mezani siku ya maonyesho, lakini bila hilo pasingekuwa na mbugu ya mwaka wa pili. Aidha, mti huo ulipandwa shambani, ukatoa kivuli kwa kahawa na majani ya kuoza ardhini, na ukawa alama ya mpaka. Kwa kipimo chetu, kazi hii ilirejesha karibu yote iliyoyachukua.

Jirani zetu wa Uganda waliitetea mbugu yao hadi mwaka 2005 UNESCO ikautangaza ufundi huo kuwa miongoni mwa hazina za urithi wa binadamu. Kwetu sisi mbugu imebaki zaidi katika masimulizi na katika sherehe chache. Sipendekezi kwamba wanafunzi waache sare zao wavae magome. Ninachosema ni kwamba somo la baiolojia juu ya tabaka za shina la mti, namna chakula cha mti kinavyopita katika gome na kwa nini mti uliovuliwa gome hufa, lingeeleweka mara moja kama lingeanza na swali hili: kwa nini mtoma haukufa?

Kibanja na nyasi zake

Tukifika kwenye kibanja tumefika kwenye kazi kubwa kuliko zote, ingawa ndiyo inayosifiwa kidogo kuliko zote, kwa sababu tumeizoea. Kibanja ni shamba lililoizunguka nyumba. Migomba ndiyo dari. Chini yake imo kahawa, na chini ya kahawa yamo maharage, magimbi, viazi vikuu na mboga. Miti ya kivuli na ya mbao, kama vile omushambya, husimama katikati. Mgeni anayepita barabarani huona vurugu ya majani. Mwenye kibanja anajua kila mgomba ni wa aina gani, ni wa kupika, wa kuiva au wa kukamua rubisi, ulipandwa na nani, na ni chipukizi gani litakaloachwa lirithi nafasi ya mama yake.

Katika nchi yenye mvua nyingi na udongo unaochujwa virutubisho haraka, kilimo cha namna hii kimedumu mahali pale pale kwa vizazi vingi. Siri yake ilikuwa nini? Wengi hujibu: matandazo na samadi. Jibu hilo ni sahihi lakini ni nusu ya jibu. Matandazo yalitoka wapi? Samadi ilitoka wapi? Vyote viwili vilitoka nje ya kibanja, katika mbuga za nyasi ambazo Wahaya huziita rweya. Ng'ombe walilishwa huko mchana na kulala nyumbani usiku, wakileta rutuba ya mbuga katika zizi. Nyasi zilikatwa huko, zikatandikwa ndani ya nyumba, zikaezekwa paani, kisha zilipochakaa zikatupwa chini ya migomba. Kwa hiyo rutuba ilitembea siku zote kutoka mbugani kuja nyumbani.

Katika Kijiji cha Makumbusho, Dar es Salaam, iko nyumba ya msonge ya Wahaya iliyoezekwa kwa nyasi toka juu hadi chini. Watoto wa shule huizunguka wakistaajabu. Ni jambo jema. Lakini nyumba ile imesimama bila mbuga iliyoilisha nyasi, bila ng'ombe na bila mgomba uliongoja nyasi zake kuukuu. Ni sentensi iliyokatwa kutoka katika aya yake.

Hapa kipimo chetu kinatupa jibu gumu. Kibanja kilirejesha kwa kibanja, lakini hakikuirejeshea mbuga. Kilidumu kwa sababu mbuga zilikuwa pana na watu walikuwa wachache. Karagwe hasa ilipata kuwa na watu wachache kwa sababu za msiba: sotoka ya miaka ya 1890 iliangamiza ng'ombe, na ndui pamoja na malale vikapunguza watu. Leo hali ni tofauti kabisa. Watu wameongezeka, mbuga zimegeuzwa kuwa mashamba, makazi na mashamba ya miti, na familia nyingi hazina ng'ombe hata mmoja. Anayemwambia kijana "lima kama alivyolima babu yako" anamwambia afanye kazi ambayo nusu ya vifaa vyake imekwisha kuondoka.

Je, basi tuutupe ujuzi huo? Hasha. Tuutazame kanuni yake badala ya umbo lake. Kanuni ya kibanja ni kwamba kila kitokacho shambani kina deni la kurudi shambani. Kama mbuga haiwezi tena kulipa deni hilo, lazima apatikane mlipaji mwingine. Katika miaka ya 2010 Mradi wa MAVUNO na CHEMA, mashirika yanayofanya kazi Karagwe, yalishirikiana na watafiti kutoka Ujerumani katika majaribio ya kutumia majiko yanayobakiza mkaa, vyoo vinavyotenga mkojo, na mboji iliyochanganywa na mkaa na kinyesi kilichosafishwa kwa joto. Udongo wa Karagwe uliojaribiwa una asili ya volkano na ni haba wa fosforasi inayoweza kutumiwa na mimea. Kwa mboji hiyo mahindi yalistawi zaidi. Wako watakaokunja pua. Lakini bibi aliyemwaga majivu na maganda ya ndizi chini ya mgomba ulio karibu na jiko angeielewa hoja hiyo kabla ya mtafiti kumaliza kuieleza.

Uko pia upande mwingine wa mambo, ambao unatukataza kuwatukuza wazee kupita kiasi. Desturi ya ujirani mwema ilikuwa kupeana machipukizi ya migomba na kuazimana panga. Katikati ya miaka ya 2000 mnyauko bakteria wa migomba uliingia Mkoa wa Kagera, na baadaye ukasambaa hadi Karagwe na Kyerwa. Ugonjwa huo hubebwa na wadudu wanaotembelea maua, na hubebwa vile vile na chipukizi lililougua na panga lililotoka kukata mgomba mgonjwa. Wema ule wa jadi ukawa njia ya maradhi. Dawa iliyopatikana haikuwa ya dukani: kung'oa ua la kiume kwa kijiti chenye panda badala ya kulikata kwa chuma, kulipitisha panga motoni, na kuung'oa mgomba mgonjwa mapema. Kijiti chenye panda ni kifaa ambacho mababu wangekichonga kwa dakika moja. Ujuzi wa kukitumia, hata hivyo, umetoka katika sayansi ya bakteria. Hapo ndipo jadi na elimu mpya vinapokutana bila mmoja kumdharau mwenziwe.

Mwenye mkono na mwenye mali

Uhakiki wa stadi hauwezi kukamilika bila kuuliza nani alifanya kazi na nani alifaidi. Karibu na tanuri wanawake walikatazwa kufika. Katika kibanja, kinyume chake, mkono wa mwanamke ndio uliopanda maharage, uliotandaza nyasi na uliochagua mbegu, lakini ardhi yenyewe ilirithiwa kwa ukoo wa wanaume. Na juu ya wote ulikuwapo mfumo wa nyarubanja, ambao kwao mkulima alikuwa mpangaji katika ardhi ya mkubwa, hadi ulipokomeshwa kwa sheria baada ya Uhuru, katika miaka ya 1960.

Mwaka 1988 Bibi Holaria Pastory, Mhaya aliyerithi ardhi kwa wosia wa baba yake, aliuza ardhi hiyo. Jamaa wa ukoo walipinga kwa kuwa mila haikumruhusu mwanamke kuuza ardhi ya ukoo. Mwaka 1990, katika Mahakama Kuu ya Mwanza, Jaji Mwalusanya aliamua kwamba mila hiyo ya ubaguzi haipatani na Katiba. Kesi hii ifundishwe pamoja na kibanja. Msichana wa kidato cha tatu anayeambiwa ajifunze stadi za bibi yake ana haki ya kuuliza: nikiisha kujifunza, ardhi nitakayoitumia itakuwa ya nani? Kumfundisha kazi ya kurutubisha ardhi asiyoweza kuimiliki ni kumrudisha katika unyonge kwa jina la utamaduni.

Mnyororo uliokatika

Stadi hizi hazikuandikwa vitabuni. Zilipitishwa kutoka mkono hadi mkono, na mkono ukitoweka ujuzi huenda nao. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa katika Mkoa wa Kagera. Katika miaka iliyofuata, nyumba nyingi za mkoa huo zilipoteza baba na mama katika umri ule hasa ambao mzazi humwonyesha mtoto jinsi ya kuchagua chipukizi na kusuka ukingo wa kikapu. Bibi na mjukuu walibaki, na katikati yao pengo. Tunapolalamika kwamba vijana wa leo hawajui kazi za jadi, tukumbuke kwamba si wote waliozikataa. Wengine hawakubakiwa na mtu wa kuwaonyesha.

Je, shule imeliziba pengo hilo? Elimu ya Kujitegemea, iliyotangazwa mwaka 1967, ilikusudia kwamba mwanafunzi alime na kufikiri kwa wakati mmoja. Azma hiyo ilikuwa njema. Lakini katika shule nyingi jembe liligeuzwa adhabu: aliyechelewa alilima, aliyepiga kelele alilima, na aliyefaulu vizuri alisamehewa kulima. Mtoto aliyefunzwa kwamba ardhi ni adhabu hawezi kuipenda akiwa mtu mzima. Tangu mwaka 2024 mtaala mpya umeanzisha mkondo wa amali katika elimu ya sekondari. Hii ni nafasi nyingine. Itapotea kama ile ya kwanza iwapo tutadhani kwamba amali ni kazi ya walioshindwa masomo, au kwamba ufundi ni ule tu unaotumia umeme.

Mwalimu wa Karagwe au Kyerwa ana maabara ambayo hakuna shule ya mjini iliyo nayo. Achukue mfano wa rubisi. Ndizi huivishwa, hukamuliwa kwa nyasi ndani ya mtumbwi wa mti, maji huongezwa, kisha hutiwa unga wa mtama uliokaangwa na kufunikwa kwa majani ya migomba. Kesho yake povu limepanda. Bila ya mwanafunzi yeyote kuonja, darasa lina la kuuliza: sukari imekwenda wapi? Hewa ile inayotoa povu ni gani? Mtama umeleta nini ambacho ndizi hazikuwa nacho? Mama anayetengeneza rubisi kijijini akialikwa darasani, aalikwe kama mtaalamu mwenye jambo la kueleza, aulizwe kwa heshima kwa nini anafanya hivi na si vile, na majibu yake yaandikwe kwa Kiswahili pamoja na maneno ya Kinyambo anayoyatumia mwenyewe. Kisha wanafunzi wajaribu, wapime, walinganishe, na wakubali kwamba pengine mama huyo atakuwa sahihi na kitabu kitakuwa hakikueleza vya kutosha, na pengine itakuwa kinyume chake.

Hitimisho

Tumezoea kusema kwamba mwacha asili ni mtumwa. Ni kweli. Lakini anayeifuata asili bila kuiuliza swali naye hajawa huru, maana amebadilisha bwana tu. Katika mifano mitatu tuliyoipitia, chuma kimetuonyesha ujuzi mkubwa uliokula misitu; mbugu imetuonyesha ufundi uliojifunga kuuponya mti unaouhitaji; na kibanja kimetuonyesha kanuni ya kurejesha, pamoja na mipaka yake mbuga zinapokwisha. Hakuna mmoja kati ya hiyo unaofaa kuigwa ulivyo, na hakuna mmoja unaofaa kutupwa.

Ile meza ya siku ya utamaduni basi isiondolewe. Ibaki, ila vikaratasi vyake vibadilishwe. Badala ya kuandika jina la kitu peke yake, mwanafunzi aandike kilitokana na nini, nani alikifanya, nani alikimiliki, na kilirudisha nini kwa ardhi iliyokitoa. Na karibu na kipande cha mbugu awekewe mgeni jani moja kavu la mgomba, ili aulize linafanya nini pale, na mwanafunzi aweze kumjibu.